Boila Imegoma: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Boila ya umeme ya kuning'inia ukutani, ile ya lita 30, 50 au 80 inayoonekana katika nyumba nyingi za Kampala, Entebbe, Mbarara na Kabale, haina vitu vingi ndani yake. Kuna tangi la chuma lililopakwa utando wa kioo kwa ndani, elementi (koili inayopasha maji), thamostati (kidhibiti joto), fimbo ya anodi (inayoliwa na kutu badala ya tangi), gasketi (mpira wa kuziba), na valvu ya usalama kwenye bomba la maji baridi. Vyote hivyo vinabadilishika isipokuwa kimoja tu, tangi. Kwa hiyo hali ya tangi ndiyo inayojibu sehemu kubwa ya swali. Sehemu iliyobaki inajibiwa na kile kilichoua kifaa kilichokufa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Elementi mpya ikifungwa mahali ambapo ya zamani iliungua kwa kukosa maji, nayo itaungua. Na boila mpya kabisa ikifungwa hapohapo, elementi yake itaungua vilevile.

Kabla hujafungua kifuniko chochote, zima breka ya boila kwenye boksi la umeme. Usitegemee swichi ya ukutani peke yake, kwa sababu wakati mwingine swichi hiyo imefungwa kinyume na inakata nyutro (waya wa kurudi) huku laivu (waya wenye umeme) ikibaki kwenye elementi. Hakikisha kwa maltimita, laivu kwa nyutro na laivu kwa ethi (waya wa ardhini). Tesita ya bisibisi haitoshi. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayodhibiti umeme nchini Uganda.

Boila inavuja

Anza hapa hata kama tatizo lako ni lingine, maana jibu la dalili hii linaweza kufuta maswali yote mengine.

Kausha boila yote kwa kitambaa, kisha bandika vipande vya karatasi ya chooni kwenye kila maungio: bomba la bluu la maji baridi, bomba jekundu la maji moto, valvu ya usalama, na chini pale penye kifuniko cha umeme. Subiri saa moja. Karatasi itakayolowa kwanza ndiyo inayokuonyesha mahali.

Ikilowa ya maungio ya bomba, ni tepu ya uzi au mpira wa ndani ya hozi. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Yakitoka maji kwenye duara la boliti linaloshika elementi, gasketi imekufa. Badilisha gasketi, sugua uso wa chuma mpaka ung'ae, na ukaze boliti kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, ya kushoto kisha ya kulia, kidogo kidogo. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, gasketi inajikunja na itavuja ndani ya wiki.

Valvu ya usalama kudondosha maji siyo ugonjwa. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 yanatanuka kwa takriban asilimia 1.5, hivyo tangi la lita 80 linasukuma nje lita moja na kidogo kila linapopasha likiwa limejaa. Maji hayo lazima yatoke mahali, na valvu ndiyo njia yake. Kinachotakiwa ni bomba dogo la kuyapeleka kwenye sinki au nje. Watu wengi huziba tundu hilo kwa sababu linalowesha ukuta, na kuliziba ni kugeuza boila kuwa kitu cha kupasuka. Ikiwa valvu inamwaga mfululizo hata boila ikiwa imezimwa, pima presha ya maji. Nyumba za mabondeni hupata presha kubwa usiku, watu wakiwa wamefunga mabomba. Valvu nyingi hufunguka kwenye baa 8, na kipunguza presha kilichowekwa kwenye baa 3 kitamaliza tatizo na kulilinda tangi pia.

Sasa ile mbaya. Maji yanatoka kwenye mwanya wa kava la nje, mahali pasipo na maungio yoyote, na yameacha mchirizi wa rangi ya kutu ukutani. Hilo ni tangi lenyewe. Limeoza kutoka ndani na maji yamepitia kwenye sponji ya kuhifadhi joto mpaka yakapata pa kutokea. Usitengeneze. Wachomeleaji hodari wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma Kampala, wanaweza kuziba tundu lile kwa siku moja, lakini moto wa kuchomelea unaharibu utando wa kioo pande zote za kiraka, na chuma kilichobaki uchi kinaanza kuoza palepale. Zima umeme, funga maji, nunua nyingine.

Hakuna maji moto kabisa

Taa ya swichi haiwaki: angalia yuniti za Yaka (umeme wa kulipia kabla), halafu breka, halafu swichi yenyewe. Swichi ya boila hufa sana, na ukiifungua utaona plastiki imekuwa kahawia na skrubu moja imelegea. Elementi ya wati 1,500 inavuta ampea 6 na robo kwa volti 240, ya wati 2,000 ampea 8 na kidogo, ya wati 3,000 ampea 12 na nusu. Swichi ya taa haiwezi mzigo huo. Inatakiwa swichi ya ampea 20 inayokata laivu na nyutro pamoja, waya wa milimita 2.5 za mraba, na breka ya ampea 16 au 20.

Taa inawaka lakini maji ni baridi: fungua kifuniko cha chini na utafute kitufe kidogo chekundu kwenye thamostati. Hicho huruka tangi linapopata joto kupita kiasi. Umeme ukiwa umezimwa, kibonyeze. Kikitoa mlio mdogo wa "tik", kilikuwa kimeruka. Kikiruka tena ndani ya siku chache, thamostati imechoka, au fimbo yake haijaingia vizuri kwenye tundu lake, au elementi imejaa magamba. Thamostati ni kifaa cha bei ndogo, kibadilishe bila kufikiri mara mbili. Kamwe usiirukie kwa kipande cha waya. Tangi lisilo na thamostati na lenye valvu iliyozibwa ndilo linaloangusha kuta.

Kama kitufe hakikuruka, toa nyaya mbili za elementi na upime ohmu. Elementi nzima ya wati 1,500 inasoma karibu ohmu 38, ya 2,000 karibu 29, ya 3,000 karibu 19. Mita isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika.

Isome elementi kabla ya kuitupa

Fundi akiitoa, usikubali aende nayo. Iweke kwenye mwanga uitazame kwa makini.

Iliyoungua bila maji imevimba na kupasuka kwa urefu, kwa kawaida kwenye mkunjo wa juu, na chuma chake kimegeuka rangi ya bluu na nyeusi. Unga mweupe wa ndani unaonekana kwenye ufa. Hii ndiyo ya kufuatilia zaidi katika miji ambako maji hukatika mara kwa mara. Maji yakikatika, tangi halipaswi kubaki tupu, kwa sababu maji moto hutokea juu na valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba la baridi inashika yaliyomo. Valvu hiyo ikiwa imekwama wazi kwa mchanga au kutu, mtu akifungua bomba la uani lililo chini zaidi, maji ya boila yanarudi kwenye bomba la baridi na kutokea huko. Nyumbani hakuna anayejua. Jioni swichi inawashwa kama kawaida, na elementi inaungua ndani ya dakika chache. Ipime valvu hivi: umeme umezimwa na maji yamepoa, funga maji makuu, fungua bomba la maji moto la ndani ili hewa iingie, kisha fungua bomba la chini uani. Yakiendelea kutiririka kwa dakika nyingi, boila inajimwaga. Valvu mpya hugharimu kidogo kuliko elementi, na hapa ndiyo matengenezo halisi.

Iliyokufa kwa magamba imevikwa ganda gumu jeupe au la kijivu, wakati mwingine nene kama ganda la yai na wakati mwingine kama kidole. Hutokea zaidi kwenye maji ya visima virefu. Maji yanayotoka Ziwa Victoria ni laini na hayaachi magamba mengi. Kama unatumia kisima, suluhisho ni kuweka thamostati kwenye nyuzi 60 badala ya 75 na kufungua tangi kila mwaka kulisafisha. Mngurumo kama wa sufuria ya ugali wakati boila inapasha ni magamba yaleyale yakiwa yamelala chini ya tangi.

Iliyooza ina tundu dogo la sindano lililozungukwa na kijani au kutu, na sehemu nyingine ni safi. Hapo anodi ilikwisha zamani. Na kama elementi ni safi kabisa lakini vichwa vyake vya kufungia nyaya vimeungua, haikufa kwa maji: skrubu ililegea, ikachemka, ikakata. Mara nyingi elementi hiyo bado ni nzima. Kata waya ulioungua, tia kichwa kipya, kaza, na umemaliza.

Breka inaruka au maji yanapiga shoti

Mtu akisikia kijiumeme kwenye bomba au kichwa cha bafu, zima breka sasa hivi na nyumba nzima isioge hapo mpaka sababu ijulikane. Usiruhusu neno "ni kidogo tu". Mwili uliolowa na umesimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji haustahimili umeme unaovumilika ukiwa umevaa viatu.

Ili shoti ya boila ifike kwenye maji, kwa kawaida mambo mawili huwa mabovu kwa pamoja: elementi imepasuka na umeme unagusa maji, na ethi haifanyi kazi. Kubadilisha elementi peke yake ni kutibu nusu. Fuata waya wa ethi kutoka kwenye tangi mpaka kwenye fimbo iliyopigwa ardhini nje. Mara nyingi utakuta waya haukuunganishwa tangu nyumba ijengwe, au kibanio cha fimbo kimelegea, au fimbo fupi imesimama kwenye moramu kavu ambayo wakati wa kiangazi haipitishi kitu. Ongeza breka ya kuhisi uvujaji wa miliampea 30 kwa laini ya boila.

Kujua kama kosa ni la elementi au la waya, fundi atoe nyaya mbili kwenye elementi, azifunge vichwa vizuri, na kuwasha breka. Ikiruka bado, kosa liko kwenye waya wa ukutani. Isiporuka, ni elementi. Kwa megga (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya volti 500, elementi nzuri inasoma zaidi ya megaohmu 1 kati ya vichwa vyake na mwili wa chuma. Chini ya nusu megaohmu iondoe, hata kama bado inapasha.

Maji yanapata moto polepole, au yanaisha upesi

Usibadilishe chochote kabla ya kupima muda. Kutoa maji kwenye nyuzi 22 hadi 60, lita 50 zinahitaji yuniti 2.2 za umeme, na lita 80 yuniti 3.5. Kwa elementi ya wati 1,500, lita 50 zichukue saa moja na nusu, na lita 80 saa mbili na dakika 20. Kabale na milima ya Kigezi, ambako maji huanza yakiwa baridi zaidi, ongeza muda.

Ukipata muda mrefu zaidi ya huo, pima volti wakati boila inapasha, na upime saa mbili usiku, si saa tano asubuhi. Kwenye nyumba iliyo mwisho wa laini, volti inaweza kushuka mpaka 190. Hapo elementi ya wati 1,500 inatoa wati 940 tu, na lita 80 zinachukua karibu saa nne. Boila haina ugonjwa wowote, na ukinunua mpya itafanya vilevile. Peleka malalamiko UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, waliochukua usambazaji kutoka Umeme tarehe 1 Aprili 2025, au pasha usiku wa manane.

Yakiisha upesi, kuna jaribio moja zuri. Funga maji baridi yanayoingia kwenye boila, kisha fungua bomba la maji moto. Yanapaswa kukatika. Yakiendelea kutoka, maji baridi yanavukia upande wa moto kupitia bomba la kuchanganya lililochakaa bafuni au jikoni. Boila yako ni nzima, nunua katriji ya bomba hilo.

Sababu nyingine ni mabomba kufungwa kinyume, baridi kwenye nyekundu. Maji moto yatatoka kidogo halafu vuguvugu, tangu siku ya kwanza. Vilevile boila ya kulala ikifungwa imesimama: mabomba yake ya ndani hayako mahali pake tena, na sehemu kubwa ya tangi haitumiki. Haya yote ni makosa ya ufungaji na hayahitaji boila mpya.

Maji moto yakitoka dhaifu wakati ya baridi yana nguvu, fungua valvu ya usalama uisafishe. Baada ya matengenezo ya bomba kuu la mtaani, mchanga na vipande vya kutu huja kukaa humo.

Maji ya kutu, au harufu ya yai bovu

Fungua maji baridi kwanza. Kama nayo ni ya kahawia, chanzo ni kisima chenye chuma au mabomba ya zamani. Ikiwa ni ya moto tu, anodi imekwisha na tangi limeanza kuliwa. Toa anodi: ikibaki waya wa katikati tu, au imekuwa nyembamba chini ya theluthi ya unene wake wa mwanzo, weka mpya. Anodi ikaguliwe kila mwaka au miaka miwili, jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya, na ndilo linalotofautisha tangi la miaka 10 na la miaka 4. Maji laini ya ziwa hayaleti magamba mengi, lakini yanakula chuma.

Harufu ya yai bovu hutoka kwa bakteria wanaoishi tangini pamoja na anodi ya magnesiamu. Pasha mpaka nyuzi 70 kwa saa kadhaa, mwaga yote, jaza upya. Ikirudi, tafuta anodi ya alumini na zinki.

Hesabu ya uamuzi

Watu husema: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mpya, nunua. Kanuni hiyo ni nzuri lakini inaacha kitu kikubwa. Tangi la miaka 3 lenye ndani safi linastahili elementi, thamostati, gasketi na anodi kwa pamoja, hata zikifika nusu ya bei, kwa sababu baada ya hapo una boila mpya isipokuwa tangi na kava. Tangi la miaka 9 lenye maji ya kutu halistahili hata thamostati. Umri utausoma kwenye lebo ya pembeni, mwaka wa kutengenezwa. Fundi akiwa ameshatoa elementi, mulika tochi kupitia tundu lile. Utando laini wa bluu au kijani unaong'aa ni dalili njema. Mabaka ya kutu yenye malengelenge ni kwaheri. Mtazamo huo wa dakika moja una thamani kuliko kanuni yoyote ya nusu bei, na usimruhusu fundi afunge kabla hujautazama mwenyewe.

Nunua pia ikiwa vipuri vya muundo ule havipatikani Kampala. Peleka elementi ya zamani mkononi dukani, linganisha idadi ya boliti, kipenyo cha duara na urefu. Zinazokaribiana hazifai. Kwa boila mpya, tafuta alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda.

Chagua ukubwa kwa hesabu. Kuoga dakika 5 kwa lita 6 kwa dakika ni lita 30 za vuguvugu la nyuzi 40, na humo maji ya tangi la nyuzi 60 ni lita 14 tu. Mtu mmoja au wawili, lita 30 zinatosha. Watu wanne wakifuatana asubuhi, lita 80.

Bafu ya papo hapo, ile ya kichwa cha plastiki, hesabu yake ni nyingine. Koili ikikatika, badilisha koili. Lakini plastiki ikiwa imeyeyuka mahali pa nyaya, tupa kitu chote na ukague waya: wati 5,500 ni ampea 23, na zinahitaji angalau waya wa milimita 4 za mraba na breka ya ampea 32. Kufunga kifaa hicho kwenye waya wa soketi ndiko kunakoyeyusha plastiki. Kilinda umeme cha friji nacho kisitumike hapa wala kwenye boila, maana vingi vimeandikwa ampea 5.

Kwa boila ya jua yenye vioo vya mirija, tazama ncha ya chini ya kila mrija. Ikiwa ya fedha inayong'aa, mrija ni mzima. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia na mrija huo haupashi tena. Mirija hubadilishwa mmoja mmoja, asubuhi mapema kabla ya jua kali.

Siku ya kufunga

Boila ya lita 80 ikijaa inafika kilo 100 hivi. Kwenye ukuta wa tofali moja jembamba, boliti zipite mpaka upande wa pili na zishikwe kwa bamba la chuma. Weka valvu mpya ya usalama, usirudishe ya zamani. Fungua maji baridi huku bomba la maji moto bafuni likiwa wazi, na usubiri mpaka litoe maji mfululizo bila kutema hewa. Ndipo umeme uwashwe, si dakika moja kabla. Kwa kalamu isiyofutika andika kwenye kava la chini tarehe ya leo, na chini yake mwezi na mwaka wa kukagua anodi.